Jirani wa Bibi Stamili

Roboti mbebaji lilikichomoa chumba kwenye ubavu wa ghorofa kama mtu avutavyo droo, likakipandisha angani, likaenda kukichomeka kwenye jengo jingine ng'ambo ya jiji. Mwenye chumba hakuamka.

Mhandisi Kidawa Mnyone ndiye aliyelibuni. Sheria iliipa Mamlaka ya Makazi ya Hifadhi uwezo wa kumhamisha yeyote anayeishi kwa msaada wake, awe mzee, kipofu au mgonjwa, popote penye nafasi, bila kumwuliza. Kidawa aliamini kazi yake ni ya huruma. Siku hizi hakuna anayelala nje.

Asubuhi hiyo alikwenda kukagua chumba cha Bibi Stamili, mjane kipofu, kabla hakijahamishwa. Bibi alimpa kiti, akamwomba jambo moja tu: ahamishwe pamoja na jirani yake, Mzee Chilongani, aliyezoea kuzungumza naye kupitia ukutani. Akagonga ukuta. Mzee akaitikia, akamwuliza goti linaendeleaje.

Kidawa akaugeukia ukuta. Alipokuwa akiingia alikuwa ameliona jengo kwa nje: upande wa pili wa ukuta ule palikuwa na shimo tupu, upepo ukivuma ndani.

Alitoka nje ya chumba akapiga simu makao makuu ya Mamlaka. Ofisa akamweleza kwa utulivu kwamba mzee alishahamishwa zamani. Jengo lilihifadhi sauti yake, na ndilo linalojibu. Tangu majengo yaanze kufanya hivyo, wanaoachwa na jirani zao hawalalamiki.

Kidawa alirudi, akamweleza Bibi yote. Kiganja cha Bibi kilikuwa bado ukutani.

"Huko aliko," akauliza, "anaongea na nani?"

Kidawa akaunganisha kifaa chake na chumba cha mzee. Wakamsikia akigonga ukuta, akiuliza kwa sauti iliyochoka kama anaweza kupita kumjulia Bibi hali. Aliyemjibu alikuwa na sauti ya Bibi Stamili.

"Leo usije, mwenzangu. Kichwa kinaniuma."

"Kila siku kinakuuma," mzee akasema taratibu.

Bibi akasimama. "Mimi sijamfungia mlango hata siku moja. Mwanangu, nipe viatu vyangu. Nipeleke."

Kidawa akamvisha viatu, akamshika mkono. Walipofika mlangoni, ukuta ukaongea bila kugongwa.

"Stamili, unakwenda wapi?"

Hawakuujibu.