Kibati cha Sitini na Moja

"Euro ishirini, Gerlind. Lipa, niandike kimepotea, tumalize."

"Sikukipoteza mimi."

"Basi kakipoteza kaka yako, na kaka yako halipi tena."

Huyo ni Heiko, msimamizi wa kufunga mgodi. Namjua tangu akikojolea theluji nyuma ya kanisa, kwa hiyo nikamwambia afunge mdomo kwanza, mgodi baadaye. Ilikuwa Jumanne ya kawaida, kahawa yangu bado ina moshi.

Mimi ni mtunza chumba cha taa, mwaka wa kumi na tisa huu. Kila anayeshuka huchukua taa na kibati chake cha shaba. Akipanda, hukirudisha kwenye ndoano yenye namba yake. Ndoano tupu maana yake mtu yuko chini. Walipoacha kuchimba chumvi, wakajaza mapipa ya taka za mionzi huko, mita mia tano, na sasa yalikuwa yanazibwa kwa zege, handaki baada ya handaki. Lakini sheria ilibaki ileile: zege halimwagwi ndoano ikiwa tupu.

Ilikuwa tupu moja. Sitini na moja, ya kaka yangu Ottmar. Alifia hospitali miaka miwili kabla, mimi nimekaa pembeni ya kitanda. Soksi za kuzikiwa nilimvisha mwenyewe. Kibati chake hakikuonekana mfukoni wala nyumbani.

"Yuko makaburini, dada," Heiko akasema, sasa kwa upole. "Unasubiri nini?"

Sijawahi kutia sahihi kitu nisichokiona kwa macho yangu. Siku ile nilitia. Nikatoa noti ya ishirini, nikaandika: chini hakuna mtu. Sikuhisi chochote. Saa nane mchana zege likaanza kushuka.

Wiki tatu baadaye Frauke akanipigia simu. Kazi yake ni kukaa ofisini, huku juu, akisikiliza vinasa sauti vilivyoachwa nyuma ya zege, ajue chumvi inavyojibana.

"Njoo. Usimwambie mtu."

Akanivalisha visikilizio vyake. Ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo.

"Chumvi inapasuka," akanong'ona.

"Chumvi haihesabu, Frauke."

Kwenye lifti yetu ya mgodini, pigo moja la kengele ni simama. Matatu, shusha. Mawili, pandisha. Aliyegonga ishara hizo kule chini kwa miaka ishirini na mbili ni Ottmar.

Frauke akanisogezea karatasi. Milio huanza saa kumi na mbili asubuhi, zamu inapoingia. Hukoma saa nane mchana. Jumapili haipo. Na kila siku, saa tatu, hukatika dakika ishirini.

Muda wa kula mkate.

Jumatatu nikafungua chumba cha taa. Ufunguo ni mmoja, uko shingoni mwangu. Kwenye ndoano ya sitini na moja kilining'inia kibati. Kimeganda chumvi. Bado kinatikisika.

Nikakipeleka kwenye kipimo cha mionzi cha mlangoni. Kipimo kikalia. Mimi sikulia. Nilikirudisha pale pale, nikanawa mikono, nikagawa taa kwa zamu inayoziba mahandaki yaliyobaki.

Heiko alipokuja hakuuliza kimetoka wapi. Watu wa karatasi hawaulizi. Alitoa noti ya ishirini, akaiweka mezani.

"Kimerudi. Hatudaiani."

Nikampigia Frauke, nikamwambia asogeze simu kwenye spika. Saa yangu ilisema tatu na nusu. Tukasubiri, mimi na Heiko, simu ikiwa katikati yetu.

Ngo, ngo.

Heiko akaangalia ndoano. Akaangalia simu. Mkono wake ulikuwa bado juu ya noti.

"Ni mawe," akasema, taratibu.

Ngo, ngo.

"Chukua hela yako," nikamwambia. "Kilichopanda ni kibati, mwenyewe bado. Niliandika chini hakuna mtu, na sahihi ni yangu. Mpandishe."