Kahawa Ipande Mezani

Siku hizi tunachambua kahawa mezani. Ni vizuri, mgongo unapumua. Lakini mimi, Feresita, bado naukumbuka mkeka.

Stoo yetu iko Bwera, kando ya barabara ya kwenda mpakani, Mpondwe. Zamani tulikaa chini, wanawake peke yetu, tumelizunguka rundo la kahawa. Tulitoa punje nyeusi, punje zilizovunjika na vijiwe. Mikono ilifanya kazi, na midomo nayo haikupumzika. Mume wa mtu akilala nje, sisi tulijua kabla ya mke wake. Saa saba mchana tulikula bundu, ule ugali wa muhogo, kwa sombe ya majani yake, kutoka sufuria moja. Nikiyakumbuka hayo natabasamu, na mara nyingine machozi yananilengalenga.

Mkeka ule ulikuwa na desturi yake. Miguu unaikunja upande. Hunyooshi mguu kuelekea kahawa. Mama Ronah, mkubwa wetu kwa umri, ndiye aliyeilinda desturi hiyo.

"Kahawa ndiyo inatulisha," alisema. "Unaionyesha nyayo kwa nini?"

Ukisahau, alikugonga kwa ungo. Mimi niligongwa mara nyingi, maana ni mwepesi wa kusahau.

Mbambu alikaa kushoto kwangu. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyetu sote. Tena yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alizipata kwa mama yake kule Nyakiyumbu, walipokuwa wakichambua kahawa ya shamba lao uani. Yeye akianza, sisi tuliitikia, na rundo lilipungua bila sisi kujua. Naipenda sana sauti yake.

Kisha siku moja pikipiki ilimwangusha akitoka sokoni. Goti lake likavunjika vibaya. Alikaa nyumbani miezi mingi. Nafasi yake mkekani tuliiacha wazi, hakuna aliyeikalia.

Aliporudi alitembea kwa gongo. Tulimkumbatia, tukacheka na kulia. Halafu akajaribu kukaa mahali pake. Goti halikukunjika tena. Njia ilikuwa moja tu: kunyoosha mguu mbele, moja kwa moja hadi kwenye rundo. Sote tukamtazama Mama Ronah. Naye akatazama pembeni. Mbambu aliona aibu, akaomba tumwinue.

Muhwezi, mwenye stoo, si mtu mbaya. Aliposikia habari hiyo alitoa kiti ofisini kwake. Akakiweka mlangoni, mbali na sisi. Ezéchiel, msimamizi wetu aliyetoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, akampelekea Mbambu kahawa katika sinia.

"Mama Mbambu, kiti yako iko huku," Ezéchiel alisema. "Bosi anakuhurumia sana."

Kiti kilikuwa kizuri kwa mtu wa ofisi. Kwa Mbambu kilikuwa taabu. Sinia aliiweka mapajani, nayo iliteleza kwa sababu mguu mmoja ulikuwa umenyooka. Punje zilimwagika, akahangaika kuziokota. Mguu uliokosa pa kuegemea ulivimba. Mazungumzo yetu hakuyasikia, na hakuimba tena. Sisi nasi mkekani tulichambua bila wimbo. Jioni, kahawa yake ilikuwa kidogo kuliko ya mtu yeyote.

Wiki chache zikapita. Ezéchiel akamwita.

"Mama, bosi anasema kazi yako imepunguka," alisema. "Mwezi ikiisha, atatafuta mutu mwingine. Mimi niko na huzuni, lakini ni yeye alisema."

Tulirudi nyumbani pamoja, polepole. Mbambu ana watoto shuleni. Nobert, mume wake, analima kipande kidogo tu cha shamba.

"Feresita, nikitoka stoo, nani atanipa kazi na mguu hii?" aliniuliza.

Nilimpeleka kwa Gorret.

Gorret ni jirani yetu. Hutembelea baiskeli ya magurudumu matatu, anaizungusha kwa mikono. Yeye ni kansela, yaani diwani, anayewakilisha watu wenye ulemavu katika baraza letu. Tulimkuta anamenya ndizi. Alisikiliza bila kuacha kumenya.

"Kabla ya kukupa kiti, bosi alikuuliza unataka nini?" Gorret alisema.

"Hapana."

"Na wewe ulimwambia kiti inakusumbua?"

"Niliogopa," Mbambu alijibu. "Mutu amekuhurumia. Utamwambia huruma yake ni mbaya?"

Gorret alicheka. "Hapo ndipo wengi tunakosea, dada yangu. Tunanyamaza, halafu tunafukuzwa. Sikiliza. Sheria iko, ya mwaka 2020. Mwenye kazi hawezi kukufukuza kwa sababu ya ulemavu, kama kazi unaiweza. Anatakiwa kubadilisha vitu pale kazini ili uifanye. Pengine ni mahali pa kukaa, pengine ni vyombo. Lakini iwe vitu anaweza kupata, siyo vya kumfilisi."

"Na akikataa?" niliuliza mimi.

"Kuna afisa wa kazi wa wilaya, Kasese. Tutaenda kwake. Lakini kwanza tunaongea na bosi, tena vizuri. Usiende kuomba huruma, Mbambu. Enda useme kazi inataka nini. Vidole yako iko namna gani?"

"Iko mizima."

"Macho?"

"Iko mizima."

"Basi shida iko wapi?"

Mbambu alifikiri. Mwisho alisema, "Shida iko chini. Kahawa iko chini, na mimi siwezi kushuka."

Asubuhi tulikwenda sote watatu kwa Muhwezi. Alitukaribisha, lakini uso wake ulikuwa mzito.

"Nilimpa kiti yangu mwenyewe," alisema. "Mnataka nini tena?"

"Tunakushukuru, mzee," Gorret alijibu. "Lakini muulize yeye."

Muhwezi akamgeukia Mbambu. Nadhani hakuwa amewahi kumuuliza kitu.

"Unataka nini, mama?"

Mbambu alishika gongo lake vizuri. "Kahawa ipande," alisema. "Mimi siwezi kushuka, basi yenyewe ipande. Nyuma ya stoo kuna zile meza za zamani za kuanikia. Moja inatosha. Na chini yake fundi aweke ubao wa kuegemeza mguu. Tena nikae na wenzangu. Peke yangu hii kazi inanishinda."

"Na wenzako wakikataa kupanda?"

"Mimi nitapanda," nilisema. "Mgongo unaniuma tangu mwaka jana, na nilikuwa nanyamaza."

Muhwezi alinitazama, kisha akacheka. "Kumbe iko wengi. Sawa, tujaribu."

"Na wakati tunajaribu, asifukuzwe," Gorret alisema.

"Hafukuzwi."

Fundi alikuja, akatandika mbao juu ya wavu wa meza. Gorret alimzuia kukata miguu ya meza kabla Mbambu hajakaa kwenye benchi na kupimwa. Ubao wa mguu nao uliwekwa pale Mbambu aliposema, si pale fundi alipopenda.

Wiki ya kwanza tulikuwa wachache mezani. Wengine walibaki mkekani na Mama Ronah. Mbambu alianza kuimba. Walioko chini waliitikia kutoka kule chini, nasi kutoka juu, na ilikuwa ajabu kidogo kusikia. Baadaye mmoja mmoja walipanda. Mwezi ulipoisha, kahawa ya Mbambu ilikuwa nyingi kuliko ya sisi sote, kama zamani. Muhwezi hakusema tena habari za mtu mwingine. Alimwita fundi atengeneze meza ya pili, na yeye mwenyewe akatuuliza tunaitaka kimo gani.

Mama Ronah peke yake alibaki mkekani. Alitwambia yeye amezaliwa chini na atafanya kazi chini. Nilimwonea huruma. Mkeka ulikuwa mpana sana kwa mtu mmoja.

Asubuhi moja Mbambu alikuwa akisogeza-sogeza mguu, maana ubao ulimuumiza kisigino. Mama Ronah alimwona. Akainuka, mkono kiunoni. Akakata kipande cha ule mkeka wetu wa zamani, akakikunja. Aliinama chini ya meza, akakiweka chini ya kisigino cha Mbambu. Kisha akakaa kwenye benchi, upande wa pili.

Mguu wa Mbambu ulikuwa umenyooka, unaielekea kahawa moja kwa moja. Mama Ronah aliutazama, akavuta ungo wake karibu.

"Imba basi," alisema.