Sahani ya Uwase Peke Yake

Asubuhi ile Uwamwezi alikuwa anageuza mupunga juu ya shitingi ya plastiki, nyuma ya nyumba yao kule Bugarama. Alikuwa anatembea pole pole bila viatu, anachora mistari na miguu ili jua ifike chini. Akifika mwisho wa shitingi anasimama, anajikuna katikati ya bidole, alafu anarudi.

Hakuna mwenye alimuuliza kitu. Wakati wa kuvuna, kila muntu anajikuna. Vumbi inaingia mu shingo na mu mikono, na bantu banacheka tu: "Ni mupunga!" Ata papa yake, Mudathiru, alikuwa anasugua mugongo ku mulango sawa ng'ombe. Bibi yake, Maman Uwamwezi, anamuambia: "Papa Uwamwezi, utatuangushia nyumba!"

Lakini Uwase alikuwa haingie mu mupunga.

Uwase alikuwa mutoto mudogo, meno ya mbele imeng'oka. Mama yake alikuwa mudogo wa Maman Uwamwezi, anakaa Kamanyola, ngambo ya Congo. Vita ilipoanza tena kule, alimupatia jirani mutoto: "Mufikishe kwa dada yangu." Yeye mwenyewe alibakia kutafuta bwana yake.

Uwase alikuwa anashinda ku nyumba na Koko Nyiraneza, mama ya Mudathiru. Koko njo aliona bipele byake: katikati ya bidole, mu kwapa, ku kiuno. Usiku mutoto alikuwa analia juu ya kujikuna.

"Huyu hakanyage mupunga," Koko alisema. "Hii ugonjwa ametoka nayo kule. Ametuletea."

Mu nyumba ile banakulaka pamoja ku sinia moya, mikono yote ndani. Siku ile Koko alitoa sahani ya plastiki, akaiweka ku mulango.

"Weye utakulia pale."

Alafu akachukua mafuta nyeusi ya mashini ya kutwanga mupunga, akapakaa Uwase mwili muzima. Kesho yake ngozi ilikuwa imechomeka, bidonda binatoka usaha.

"Basi," Koko alisema. "Siku ya soko ule mama Nyirarukundo anavuka mupaka kuuzisha ndizi Kamanyola. Mutoto aende naye. Bamutafutie mama yake."

"Kule kuko masasi, Mama, bado banapigana," Mudathiru akajibu.

"Na huku kuko batoto bako."

Mudathiru akajikuna shingo. Maman Uwamwezi njo aliongea.

"Siwezi kumurudisha mutoto ya mudogo wangu na bidonda. Kwanza ku dispanseri. Kisha tutaona."

"Na miye nitakuya," Koko alisema. "Nisikie batasema nini."

Mudathiru aliweka Uwase nyuma ku kinga, ile baisikeli yake. Uwamwezi alimushika asianguke, na Maman na Koko balifuata na miguu.

Ku dispanseri kulikuwa infirmiere mumoja, muuguzi Laurence, muntu wa kucheka sana. Aliweka Uwase karibu na dirisha, akafungua bidole byake kimoja kimoja.

"Inakuwasha sana saa gani, maman yangu?"

"Usiku," Uwase akajibu. "Nikijifunika."

"Hii ni upele," Laurence alisema. "Kuna kadudu kadogo sana, macho haiwezi kukaona. Kanachimba mu ngozi, kanataga mayai. Kanapenda joto. Njo maana usiku inawasha kupita muchana."

"Si sumu?" Koko akauliza.

"Si sumu, Koko. Na si uchafu. Ata muntu wa kuoga kila siku anaweza kuipata. Na hii ngozi, nani aliichoma?"

Koko aliangalia juu. "Niliweka mafuta ya mashini. Zamani ilikuwa inaponesha."

"Inaponesha mashini, Koko!"

Bote balicheka, ata Koko kidogo.

"Mutoto anakula wapi?" Laurence akauliza.

"Peke yake," Maman akajibu pole.

"Na analala wapi?"

"Na Uwamwezi. Mu blanketi moya."

Laurence alipiga makofi. "Bantu banga! Mulitenga sahani, mukaacha blanketi! Upele haipite ku sahani. Inapita wakati ngozi inagusa ngozi, bantu bakilala pamoja, bakivaa nguo moya, bakijifunika blanketi moya."

"Basi njo vile ametuambukiza," Koko alisema. "Nilisema mimi. Aende kwao."

"Nani alianza kujikuna mu nyumba?"

Koko alimusonta Uwase na kidole. Mudathiru aliangalia kofia yake.

Uwamwezi alikuwa mutoto wa haya. Ku masomo, ata akijua jibu, hanyanyue mukono. Lakini siku ya soko ilikuwa karibu. Akinyamaza, Uwase atavuka. Sauti yake ikatoka ndogo.

"Papa."

"Nani?" Laurence akauliza.

"Papa njo alianza. Mbele Uwase akuye. Alikuwa anasugua mugongo ku mulango."

"Ah! Ile ni mupunga," Koko alisema.

"Mupunga ilikuwa bado majani, Koko. Hatukuwa tumeanza kuvuna."

Laurence aliita: "Papa, lete mikono." Bipele bilikuwa pale pale, katikati ya bidole, na bingine bilikuwa byeusi, bya zamani.

"Unalala ku nyumba tu?"

"Hapana. Ku irondo pia," Mudathiru akajibu. "Tunalinda kijiji usiku kwa zamu. Mwenye kumaliza zamu anaingia mu kabanda, anajifunika blanketi yenye mwenzake ametoka."

"Muko na blanketi ngapi?"

"Moya."

Laurence alitikisa kichwa. "Sikia, Papa. Vumbi ya mupunga inawasha muchana, ukioga inatulia. Lakini ikikuwasha usiku, na bengine mu nyumba banajikuna, usiseme ni mupunga. Kuya hapa."

Alitoa chupa ya dawa nyeupe sawa maziwa.

"Leo jioni mutapaka bote siku moya, ata mwenye hajikune. Muoge, mukauke, mupake kutoka shingo paka chini ya miguu. Musisahau katikati ya bidole, chini ya kucha, ku kwapa, ku kiuno, na mahali pa siri. Mu macho na mu kinywa, hapana. Muache paka kesho jioni, alafu muoge. Uwase ngozi yake imechomeka, nitamupatia mafuta ya sulfuri, na dawa ya kukunywa juu ya usaha."

"Na blanketi?" Maman akauliza.

"Blanketi, mashuka, nguo: mayi ya moto, sabuni, na jua. Chenye hamuwezi kufua, mufunge mu mufuko wiki muzima. Itawasha bado siku kidogo, ata kadudu kamekufa. Musiongeze dawa bila kurudi hapa. Nitabaonyesha siku ya kupaka tena."

Jioni ile nyumba yote ilinuka dawa. Mudathiru alirukaruka.

"Inachoma!"

"Kadudu kanalia, Papa, si weye," Maman akamuambia.

Ku irondo, Mudathiru aliposema blanketi ifuliwe na bote bapake dawa, mukubwa wa zamu, Wenceslas, alikasirika. "Mudathiru, unasema siye ni bachafu?"

"Ninasema tunajikuna pamoja. Weye unajikuna sasa hivi."

Wenceslas aliangalia mukono wake, uko ndani ya shati. Kesho yake balichemsha blanketi mu fut, pipa ya chuma, na kila muntu akaanza kuleta kitenge yake ya kujifunika. Balienda bote kwa Laurence, na bibi na batoto babo.

Bidonda bya Uwase bilikauka. Usiku analala paka asubuhi, na Uwamwezi pia. Koko alimuita Uwase ku sinia, akamutolea miiba mu samaki.

Siku ya soko, Nyirarukundo alisimama ku mulango na ndizi ku kichwa.

"Mutoto eko tayari?"

"Haendi," Koko alisema. "Lakini unibebee maneno. Mwambie mama yake: Uwase eko kwetu, amepona, analala muzuri. Mwambie na yeye akuye. Nafasi iko."

Nyirarukundo alivuka, akarudi jioni.

"Nyumba ilikuwa imefungwa. Nimeacha maneno kwa jirani."

Siku ya soko ingine Koko alimungojea ku barabara. Nyirarukundo alitikisa kichwa: bado hakuna habari. Na ile ingine, Koko alienda tena kumungojea.