Mashimo Tisa Kando ya Ziwa

Meli ya Mwanza ilipofunga gatini Bukoba asubuhi ile, hapakuwa na pa kukanyaga. Wachukuzi walipita mbio na magunia ya kahawa mabegani, wanawake wa Hamugembe waliilinda mikungu yao ya ndizi kwa miguu na kwa midomo, na karani wa forodha aliita majina mpaka sauti ikamkauka. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Sukari na sabuni vilikuwa adimu, na kila aliyeshuka alitazamwa mzigo kabla ya kutazamwa uso.

Ndiyo maana kijana mmoja mrefu, mwenye suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni vya soli nene, alipoteremka na mfuko mrefu wa ngozi begani, macho yote yalimfuata. Mchukuzi akamkumba. Mshono wa mfuko ukafumuka, na fimbo za chuma zikamwagika katikati ya ndizi.

“Jamani, bunduki!” mwanamke mmoja akapiga yowe.

“Bunduki gani isiyo na tundu? Hayo ni majembe ya Wazungu,” mwenzake akamjibu, na gati zima likaangua kicheko.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa Klaudia, mwendesha simu wa posta, aliyetumwa na mkubwa wake kupokea sanduku la nyaya. Alivaa gauni la kitenge cha kijani na kitambaa cheupe kichwani. Aliinama, akaokota fimbo iliyoangukia miguuni pake, akaifuta tope kwa kiganja na kumpa mwenyewe.

“Asante, dada. Mbona wewe hucheki?”

“Kuna cha kuchekesha?”

“Kipo. Ni mimi.”

Klaudia alimtazama. Aliona kweli kwamba kijana yule anachekesha, kapiga magoti kwenye tope na raizoni zake. Lakini kuona kulikuwa kitu kimoja, na kucheka kitu kingine. “Pole na safari,” alisema.

“Naitwa Rweyemamu, mpima ardhi. Nimehamishiwa hapa. Nikitaka kukushukuru vizuri nitakupataje?”

“Umeshashukuru.”

“Nikitaka kurudia?”

“Inua simu yoyote mjini. Mimi ndiye ninayejibu.”

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Rweyemamu alidhani ametaniwa, akafurahi siku nzima.

Kesho yake, taa ya Ofisi ya Ardhi iliwaka kwenye swichibodi ya simu pale posta.

“Bukoba. Namba tafadhali.”

“Nataka kuongea na yule dada asiyecheka.”

“Hiyo si namba, bwana.”

“Basi niunganishe na saa tano. Nataka kujua saa tano unakunywa chai wapi.”

Klaudia alichomoa waya. Alasiri taa ikawaka tena, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Hakuchukizwa wala hakupendezwa. Lakini ilipita siku moja Rweyemamu akiwa porini na darubini yake ya kupimia, na Klaudia akajikuta anaitazama ile taa isiyowaka. Rweyemamu alipopiga tena, Klaudia alimwambia, “Nakunywa chai hapahapa, kwenye kiti changu. Jumamosi mchana natoka.”

“Malkia wangu! Basi Jumamosi njoo tucheze gofu.”

Uwanja wa gofu wa Bukoba ulikuwa kando ya ziwa, mashimo tisa yaliyoachwa na Wazungu pamoja na nyumba ya klabu yenye bati lililooza. Ng’ombe walikata majani. Kuzunguka kila shimo palikuwa na duara la mchanga uliomwagiwa oili chafu ili upepo usiupeperushe, na mchezaji alivua viatu, akaukanyaga kwa soksi. Watu wa mjini walikatiza katikati kwenda sokoni, wakicheka. Rweyemamu alikuwa amefundishwa mchezo huu Mwanza na mkubwa wake Mzungu, ambaye alipoondoka nchini alimwachia mfuko wenye fimbo zake.

“Usipige kama unalima,” alimwambia Klaudia kwenye shimo la kwanza, akisimama nyuma yake. “Ukilima unagonga ardhi. Hapa unapita tu. Zungusha kiuno.”

“Kiuno changu kinakuhusu nini?”

“Leo kinahusu mpira tu, mpenzi. Mengine tutajaliwa.”

Klaudia alivua viatu, akapiga. Mpira ulikwenda mbali kuliko alivyotegemea, ukamtoa mbio ndama. Rweyemamu alirukaruka kama yeye ndiye aliyepiga. Klaudia alisimama na fimbo mkononi, akisubiri furaha imfikie. Haikumfikia. Lakini alipenda kutembea. Kwenda mpaka mpira ulipo, kuupiga, kwenda tena. Mtu hakutakiwa kuhisi chochote ili afike kwenye bendera ya shimo.

Wakawa wanacheza kila Jumamosi. Kwenye shimo la saba, pale mafunjo yanapogusa maji na kisiwa cha Musira kinaonekana chote, Klaudia alimwambia. Hakuwa amepanga.

“Niliolewa Kishanda, na mtu anaitwa Kashaija. Tulipata mtoto wa kike. Surua ikamchukua kabla hajaota meno yote.”

Rweyemamu aliteremsha fimbo.

“Sikulia. Msibani wanawake walinitazama wakisubiri nilie, nikawa nakoroga uji wa wageni. Wakasema nina moyo wa jiwe, pengine hata nilimroga mwenyewe. Kashaija akanirudisha kwa baba, pale Ijuganyondo. Huko nako sikulia. Unajua sindano ya ganzi, ile ya kung’olea jino? Mimi ni hivyo, mwili mzima. Nakuambia usije ukapoteza muda wako.”

 Rweyemamu alimwambia pole, akamshika mkono, na mkono ule ukakaa ndani ya wake bila kukaza wala kujiondoa, mpaka mvua ikawafukuza.

Mwaka ule kila ofisi mjini ilitakiwa kuwa na shamba, na amri ikatoka kwamba uwanja wa gofu ulimwe. Aliyepewa kazi ya kuugawa vipande alikuwa Rweyemamu mwenyewe. Akapigilia vigingi katikati ya mashimo aliyoyapenda, akisema ni haki, watu hawali mpira. Lakini jioni ile kwenye simu sauti yake ilikuwa chini.

“Tumebakiwa na Jumamosi chache, Klaudia. Nikikuuliza jambo kabla trekta halijaja, utanijibu?”

“Uliza.”

“Si kwenye simu, malkia.”

Kabla Jumamosi haijafika, laini ya Muleba iliita.

“Haloo Bukoba, hapa hospitali ya misheni, karani Ndyamukama. Nina ujumbe wa bwana Rweyemamu, mpima ardhi. Mke wake amelazwa hapa. Aje haraka.”

Klaudia aliandika. “Mke wake?”

“Ndivyo alivyosema mwenyewe. Anasema, mwambieni mume wangu aje na sabuni, na sukari akiipata. Na aje amenyoa, hapendi ndevu.”

“Nimepokea.”

Akaipigia Ofisi ya Ardhi, akampa tarishi ujumbe wote, mpaka ndevu. Kisha akaendelea na kazi. Mikono yake ilichomeka na kuchomoa nyaya kama kawaida. Ila chini ya mbavu palikuwa na kitu kinauma, na alipotoka kazini alipitia dukani kununua dawa ya malaria. Alikunywa vidonge, akajifunika. Hakikupoa. Usingizini alisikia meno yake yakisagana.

Asubuhi laini ya Muleba iliita tena.

“Klaudia? Mimi Rweyemamu. Nilikimbilia basi sikupata hata—”

“Bukoba. Namba tafadhali.”

“Klaudia, ni mimi.”

“Namba tafadhali.”

“Mpenzi, una nini? Nipo hospitali, nauguza—”

“Najua unamuuguza nani. Kama huna namba, kuna watu wanasubiri laini.”

Akachomoa waya. 

Jumamosi ilipofika alikwenda uwanjani peke yake na fimbo moja na mipira michache ambayo Rweyemamu alimwachia ya kufanyia mazoezi. Trekta lilikuwa limeshaletwa, limeegeshwa kando ya nyumba ya klabu. Alianza shimo la kwanza. Alipiga mpira kama anampiga mtu. Ukapotea; akapiga mwingine. Alisema kwa sauti, peke yake uwanjani, “Mwongo! Mwongo mkubwa we!” Ng’ombe waliinua vichwa. Alipofika shimo la tano kitambaa kilikuwa kimemdondoka, gauni limelowa jasho, na viganja vimechubuka.

“Unapiga kama unalima,” sauti ilisema nyuma yake.

Rweyemamu alikuwa na vumbi la barabara ya Muleba mpaka kwenye nyusi, na kidevu kilichonyolewa vibaya.

“Rudi kwa mke wako.”

“Yupi?”

“Unanichezea? Aliyelazwa! Anayetaka sukari!”

Rweyemamu alimkodolea macho, kisha akakaa chini kwenye majani, mikono kichwani. “Ee Mungu wangu. Klaudia, huyo ni bibi yangu. Mama yake baba. Ana miaka themanini na kitu. Mimi ni mume wake tangu nazaliwa. Ndugu zangu wote ni waume zake. Wewe huna bibi? Hakuna mjukuu anayeitwa mume kwenu?”

Klaudia alikumbuka. Kaka yake mwenyewe alikuwa mume wa bibi yao. Hakukuwa na nyumba isiyo na utani huo, na yeye hakuufikiria hata kidogo.

“Karani hakusema ni bibi,” alisema.

“Bibi mwenyewe hasemi. Anataka manesi wajue ana mume kijana.”

“Nilikasirika.”

“Ulifanya nini?”

“Nilikasirika! Nilikunywa dawa ya malaria kwa sababu yako! Nimepoteza mipira yako yote!”

Rweyemamu alisimama polepole. Uso wake wenye vumbi ulifunguka. “Ulikasirika,” alisema, kama mtu anayerudia jina la mgeni aliyesubiriwa sana. “Klaudia, ulikasirika!”

“Usicheke.”

“Sicheki, bojo,” alimbembeleza kwa Kihaya. “Nashukuru.”

Walimaliza mashimo yaliyobaki kwa mpira mmoja waliouchomoa kwenye mafunjo, wakipokezana fimbo. Kwenye shimo la tisa, mbele ya ile nyumba ya klabu, Rweyemamu alivua viatu kama desturi, akakanyaga duara la mchanga kwa soksi zilizotoboka kidole gumba.

“Swali lenyewe ni hili. Nataka kukuoa.”

Klaudia aliikita fimbo mchangani. Upepo wa ziwani ulileta harufu ya oili na samadi.

“Sitaki kukudanganya,” alisema. “Sijui kama nakupenda. Nikitafuta ndani sioni kitu, giza tu. Ninachojua ni kwamba nilikasirika, na kwamba taa yako isipowaka naitazama.”

“Inatosha kuanzia.”

“Na kama hakitakuja kingine?”

Rweyemamu alifikiri kwa dhati, na Klaudia alimheshimu kwa hilo. “Basi tutaishi na hiyo hasira,” alisema. “Nimeona ina nguvu.”

“Nipeleke kwanza kwa mke mwenzangu. Nikirudi nitakujibu.”

Jumatatu trekta lilianza kulima. Jumapili iliyofuata walipanda basi la Muleba.

Bibi alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Walimkuta amekaa kwenye mkeka uani, rozari shingoni, miguu imenyooshwa juani. Klaudia alipiga magoti, akamsalimu kwa Kihaya kama mkwe anavyosalimu. Bikizee alimshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku.

“Ndiyo huyu? Ndiye anataka kuninyang’anya mume?”

“Ndiye, bibi,” Rweyemamu alisema.

“Mume mwenyewe mbovu, hajui kunyoa. Mchukue, mke mwenzangu, lakini sukari aniletee mimi.” Akacheka peke yake mpaka akakohoa. Kisha, bila kumwachia kidevu, akauliza kwa sauti ile ile, “Umeshazaa?”

Rweyemamu aliingilia, “Bibi, hayo—”

“Nimemuuliza yeye.”

“Nilizaa,” Klaudia alisema. “Alikufa.”

“Alikuwa anaitwa nani?”

Klaudia alitafuta jibu kama anavyotafuta tundu la waya kwenye swichibodi, kwa utulivu, na akagundua halipo mdomoni. Tangu azikwe, hakuna aliyemuuliza. Kishanda walisema marehemu. Nyumbani kwa baba walisema yale mambo. Rweyemamu, mwema kama alivyokuwa, alisema mtoto wako. Yeye mwenyewe hakuwa amelitamka.

“Kokuberwa,” alisema.

“Kokuberwa,” bibi akarudia, akitikisa kichwa. “Kokuberwa. Alifanana na nani?”

“Na mimi. Hapa.” Akagusa paji la uso. “Na alikuwa anacheka sana, waitu, bibi yangu. Akiona kuku tu, anacheka.”

Hapo ndipo sauti ilipomkatika. Alichodhani ni kikohozi kilitoka kama kilio, kizito, kibaya, kisicho na adabu ya mkwe, na hakikukoma. Aliangukia mapajani mwa yule bikizee asiyemjua. Rweyemamu alipiga hatua kuja, lakini bibi alimzuia kwa mkono.

“Wewe nenda kakate ndizi za kupika,” alimwambia. “Na usirudi haraka.”

Rweyemamu akachukua panga, akaingia migombani. Bibi alimvua Klaudia kitambaa, akamtandazia kanga yake mabegani, akamwacha alie.