Mabango ya Darlene Mullins

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika, Rena Mullins alikaa mezani akila mayai na mkate huku baba yake akifunga kamba za viatu vyake vya kazi. Baba, Wendell Mullins, alikuwa fundi wa mabasi ya shule. Hakuwa mtu mkali, ila alikuwa mtu asiyesema.

"Umevaa sweta?"

"Nimevaa."

"Haya, basi linakuja."

Mazungumzo yao ya asubuhi yaliishia hapo.

Zamani nyumba ile ilijaa kelele. Mama yake Rena, Darlene, alikuwa diwani wa bonde la Cane Creek, katika vilima vya Kentucky, na simu yake haikunyamaza. Huyu alilalamika barabara imebomoka, yule daraja limezolewa na maji. Mama aliwajibu wote huku akikoroga sufuria ya maharage. Mwezi wa Aprili saratani ilimchukua, Rena akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Tangu siku ya mazishi baba hakulitaja jina la mama. Rena alipolitaja yeye, baba aliinuka polepole akaenda gereji, akakaa huko. Basi Rena naye akaacha.

Jumamosi moja ya Septemba, mgeni alibisha hodi. Aliitwa Garnett Mullins, muuza matrekta kutoka ng'ambo ya kilima. Akina Mullins ni wengi sana katika kaunti ile. Ukutani katika ofisi za halmashauri kulikuwa na picha za akina Mullins waliowahi kushika vyeo: hakimu, mkuu wa polisi, madiwani, hata mbunge wa jimbo, na wengi wao hawakuwa na undugu wowote. Garnett naye hakuwa ndugu wa Wendell. Alikuwa anagombea kiti alichokiacha Darlene.

"Pole sana kwa msiba, Wendell," alisema, kofia mkononi. "Nimesikia mabango ya mkeo ya uchaguzi bado unayo."

"Yako gereji."

"Hayana jina la kwanza, nadhani. Yameandikwa Mullins, diwani, basi. Ni hasara yakiozea humo."

Baba alimtupia funguo za gereji. "Yachukue," alisema. "Sitaki kuyaona."

Wiki ile ile mabango ya buluu yenye herufi nyeupe yakasimama tena kwenye majani mbele ya nyumba, kona baada ya kona, kama yalivyosimama wakati mama yu hai. Rena aliyatazama kupitia dirisha la basi la shule.

"Wee Rena!" Tobin alipayuka kutoka kiti cha nyuma. "Mama yako kafufuka, nini? Bango lake limeota kwetu!"

"Funga domo lako, Tobin," alisema Marcy, rafiki yake Rena. Kisha akamgeukia na kumuuliza kwa upole, "Ni baba yako mdogo, siyo? Huyo anayegombea?"

Rena aliinua mabega akayashusha. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Siku chache baadaye Garnett alirudi. "Binti yako anazijua nyumba za bonde hili kuliko mimi," alimwambia baba. "Akinisindikiza jioni baada ya shule, atanionyesha njia." Baba aliona heri mtoto atoke nje, apate hewa. Akakubali.

Katika vilima vile mgombea hufuata watu majumbani, mlango kwa mlango. Na kabla mtu hajasikia habari ya barabara wala kodi, huuliza kwanza swali moja: ninyi ni wa kina nani? Akilijua hilo, mengine yote anayaona ni maelezo tu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Opal Stidham, mama mzee aliyeishi peke yake mwisho wa barabara ya changarawe. Figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi, na mara tatu kwa wiki alikwenda mjini kusafishwa damu kwa mashine. Alipelekwa na basi dogo la kaunti, ambalo Darlene alilipigania mpaka likapatikana.

"Mullins?" Bi Opal aliuliza akiwa ameshika mlango. "Mullins wa wapi wewe?"

Garnett hakujibu. Alitabasamu, akaweka mkono begani kwa Rena. "Huyu hapa ni Rena," alisema. "Wa Darlene."

"Ee Mungu wangu! Mtoto wa Darlene!" Macho ya Bi Opal yalijaa machozi. "Kumbe wewe ni shemeji yake! Ingieni, ingieni, msisimame kwenye baridi."

Rena alifungua mdomo. Lakini Bi Opal tayari alikuwa anampakia mkate jamu ya tufaha na kuongea bila kupumua.

"Unajua mama yako alifanya nini mwaka ule wa theluji? Basi letu liliteleza likaingia mtaroni, sisi wazee ndani tunasali. Darlene akatokea na viatu vyake vya kanisani, akashuka mtaroni, akalisukuma pamoja na dereva! Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope. Akaingia hospitali na mguu mmoja peku, anamwambia daktari, 'Usinicheke, leo nimekuja nusu!'"

Rena alicheka. Alicheka mpaka makombo yakamtoka mdomoni, na ghafla akatambua kwamba hajacheka hivyo tangu Aprili. Alimsikia mama ndani ya maneno yale, sauti yake kabisa. Angesema sasa, "Huyu bwana si ndugu yetu," hadithi ingekatika. Akanyamaza.

"Kwa hiyo basi letu litaendelea," Bi Opal alimwambia Garnett.

"Darlene alifanya kazi kubwa," Garnett alijibu, akainuka.

Wakaenda nyumba nyingine, na nyingine. Kila mlango ulikuwa na swali lile lile, mkono ule ule begani, na hadithi mpya ya mama. Hapa alibeba kuni, pale alikaa na mgonjwa, kule aligombana na mhandisi mpaka mhandisi akaomba maji. Rena alizikusanya zote. Usiku alijisimulia chini ya blanketi. Alianza kuzingojea jioni kama mtu mwenye njaa anavyongoja chakula. Kila alipokumbuka kwamba watu wanadanganyika, alijiambia, "Mimi sijasema kitu."

Zikiwa zimebaki siku chache kabla ya uchaguzi, walisimama kwenye kituo cha mafuta. Mwenye kituo, Lester, alikuwa hana subira.

"Niambie ukweli, Garnett. Fedha za kuweka lami barabara hii utazitoa wapi?"

"Lile basi la wagonjwa," Garnett alisema akijaza tangi. "Linakula fedha bure. Mwezi wangu wa kwanza tu, naliuza."

Walipoingia kwenye pikapu, Rena aliuliza kwa sauti ndogo, "Na Bi Opal je? Atakwendaje mjini?"

"Atakuwa na ndugu."

"Hana ndugu. Anadhani wewe ni shemeji yake mama. Anadhani utalilinda basi. Kwa nini humwambii?"

Garnett hakukasirika. Alimtazama kama anavyotazamwa mtu mzima. "Mimi sijamwambia mtu yeyote kwamba ni ndugu yenu, Rena. Hata mara moja. Na wewe hujamwambia mtu kwamba siyo. Au umewaambia?"

Rena alitazama nje ya dirisha mpaka wakafika nyumbani.

Alimkuta baba gereji, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akamweleza yote: mkono begani, shemeji, basi, hadithi.

"Nilijua ni makosa, baba. Lakini watu walikuwa wanamzungumzia. Hapa kwetu hakuna anayemzungumzia. Nilitaka tu kumsikia."

Baba alijifunika uso kwa viganja vilivyojaa grisi. Mabega yake yalitikisika.

"Darlene," alisema hatimaye, na jina lilimtoka kwa shida, kama mtu anayeinua jiwe. "Darlene angenitia adabu. Mabango nilitoa mimi. Sikutaka kuuliza yatafanya kazi gani. Wewe umenyamaza mlangoni, mimi nimenyamaza humu ndani." Akasimama. "Vaa koti."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwenye kila mlango uliposimama, tutasimama tena. Utasema wewe. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Jioni ile na zilizofuata walizunguka bonde. Ilikuwa kazi ngumu kuliko Rena alivyofikiri. "Bwana Garnett si ndugu yetu," alisema kila mlangoni. "Nilikuacheni mdhani hivyo. Na anataka kuliuza basi la wagonjwa. Mkimpigia kura, mpigieni kwa sababu mnamtaka yeye, si kwa sababu ya mama." Wengine walimshukuru. Wengine walimtazama tu, mlango ukafungwa taratibu. Mzee mmoja alisema, "Mama yako asingefanya hivyo, mtoto," naye Rena akaitikia, "Najua," machozi yakimtiririka.

Kwa Bi Opal alikwenda mwisho, kwa kuwa alimwogopa zaidi ya wote.

Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho. "Mimi siwezi kusimama kwenye foleni," alisema. "Nimepiga kura kwa posta. Imekwenda tangu juzi."

"Huwezi kuirudisha?"

"Kura ikishakwenda imekwenda." Alishika ukingo wa meza. "Nilidhani nampigia Darlene. Nilifurahi siku ile, Rena. Nililamba bahasha huku ninaimba. Sasa naomba mniache nipumzike."

Garnett alishinda, kwa kura chache sana. Huenda kura za posta ndizo zilizompa ushindi, huenda siyo. Hakuna aliyeweza kujua, na kutojua kulimuuma Rena kuliko kujua. Garnett alikuwa mtu wa kutimiza alichomwahidi Lester. Januari basi dogo liliuzwa, na barabara ikaanza kupimwa kwa ajili ya lami.

Lakini milango ile ambayo Rena na baba yake waliibisha mara ya pili haikuwa imesahau. Mwanamke mmoja alimpigia simu baba: angeweza kuwapeleka wagonjwa Jumanne. Yule mzee aliyemkemea Rena alijitolea gari lake Jumamosi. Lester naye, kwa kununa, akasema hatatoza mafuta. Baba akaomba kubadilishiwa zamu kazini, akachukua Alhamisi. Walipanga zamu mpaka kila mgonjwa wa bonde akapata kiti. Haikuwa kama kuwa na basi. Mvua ikinyesha sana wengine walichelewa, na siku moja gari liliharibika njiani. Ila hakuna aliyekosa mashine.

Alhamisi ya kwanza, shule ikiwa imefungwa kwa theluji, Rena alikwenda pamoja na baba kumchukua Bi Opal. Walikwenda mwendo mrefu, mipira ya kufutia kioo ikilia kwi, kwi. Hatimaye Rena alisema, "Bi Opal, nisamehe."

"Bado nimekasirika," alijibu Bi Opal. "Sitakudanganya. Nikizeeka zaidi labda nitasahau." Akashusha pumzi. "Sikiliza, mwanangu. Ulikuwa na huzuni, na mtu mwenye huzuni hushika chochote kilicho karibu. Hilo nalielewa. Ila uongo hauhitaji mdomo. Ukimwona mtu anaamini jambo ambalo silo, nawe unaujua ukweli na unanyamaza kwa sababu kunyamaza kunakufaa, umeshamdanganya. Usingoje siku ya pili. Ungeniambia siku ile ile, bado ningekupa mkate, na hadithi za mama yako ningekusimulia vilevile. Zilikuwa zako tangu mwanzo. Hukuwa na haja ya kuzinunua."

Rena aliona baba anaitikia kwa kichwa, macho yakiwa barabarani.

Zahanati ya figo ilikuwa na ngazi zenye barafu. Rena alimshika Bi Opal mkono, wakapanda pole pole mpaka kwenye meza ya mapokezi. Muuguzi kijana, mgeni kazini, aliwatazama akatabasamu.

"Karibu, bibi. Leo umekuja na mjukuu wako? Tena mnafanana!"

Bi Opal alimgeukia Rena, akangoja.

"Hapana," Rena alisema. "Mimi si mjukuu wake. Ni jirani tu."

"Toa hiyo 'tu'," Bi Opal alisema, naye akaendelea kumshika mkono mpaka alipoitwa ndani.