Mgomba wa Lirhanda

Kamera iliyokaa juu ya kabati bila betri ilipiga picha alasiri, mvua ilipoanza kugonga mabati. Musimbi aliisikia wazi: kacha! Alikuwa wakili, na hakuwa na mazoea ya kukubali ushahidi wa sikio moja. Huenda ni bati lililojikunja kwa baridi. Huenda ni panya. Alivuta kiti, akaishusha kamera, akaitia betri na kutazama.

Picha za mwanzo alizijua. Mumewe, Cornelius, alizipiga juu ya kilima cha Lirhanda siku aliyopanda asirudi: ukungu umelalia msitu, mbega wamening'iniza mikia yao meupe, ndege mkubwa wa buluu anameza tunda. Askari wa msitu walimtafuta hadi wakachoka. Walichopata ni kamera hii tu, imesimama juu ya miguu yake mitatu. Lakini picha ya mwisho haikuwa ya kilimani. Ilikuwa ya Musimbi mwenyewe, kwa nyuma, akisonga obusuma, ugali wa kwao, jikoni, amevaa gauni lile lile alilolivaa sasa.

Hasira ilimpanda kabla ya hofu. Alivuka uwanja katika mvua hadi kwa Isaiah, kaka mkubwa wa mumewe.

"Shemeji, ni nani anayeingia kwangu?"

"Mama Shantel, huzuni inakuchezea. Mume wako tulimzika."

"Mlizika mgomba!"

"Na mgomba ndio huzikwanga. Ama ninyi mawakili mna desturi yenu?"

Hapo Isaiah hakukosea. Mtu akipotea na mwili usionekane, gogo la mgomba hulazwa jenezani, huitwa kwa jina lake na kuliliwa, na watu hunyolewa. Musimbi alikuwa amepinga. Alitaka mumewe aendelee kutafutwa. Isaiah alimshinda mbele ya wazee.

Kesho yake mvua iliporudi, mchana ukawa mweusi kama ndani ya chungu. Kwanza ilikuja harufu nzito ya utomvu wa mgomba, kisha vishindo vya miguu iliyolowa vikauzunguka ukuta taratibu, vikapita dirisha la chumbani, vikapita dirisha la jikoni, vikasimama mlangoni, na Musimbi, aliyekuwa bado anajiambia kwamba mvua ina sauti nyingi na mjane ana masikio mengi, akaona komeo likitikisika na kusikia, karibu kana kwamba midomo imegusa ubao, sauti ya mumewe ikimwita.

"Musimbi, fungua. Mimi ndiye mliyemlilia."

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye komeo. Aliuzuia. Shahidi asemaye kweli hujitaja jina.

"Wewe ni Cornelius?" alinong'ona.

Sauti ilijibu kwa ukali: "Mliniita hivyo."

Asubuhi alimleta Mama Nasambu, mganga kutoka Matete, ingawa hakumwamini. Mganga hakuvaa hirizi wala hakupiga ngoma. Aliuliza swali moja tu: "Mgomba ulikatwa wapi?"

Isaiah alikohoa. "Migomba yangu yote ilikuwa na mikungu michanga. Ningeipoteza bure? Nilikata mgomba-mwitu chini ya Lirhanda. Si mgomba ni mgomba?"

"Mgomba wa boma wenyewe ni ninyi," Nasambu alisema. "Ule wa mwituni ulikuwa nyumba ya jini. Mmempa jina, mkampa kaburi, mkampa na mke."

Musimbi alimgeukia shemeji yake. "Kwa ajili ya mkungu wa ndizi, Isaiah! Mkungu!"

Kaburi lilifukuliwa jua likiwaka. Jeneza lilipofunguliwa gogo halikuwa limeoza. Lilikuwa vuguvugu, na lilikuwa limetoa jani moja bichi lililojikunjia upande wa nyumba ya Musimbi.

"Wewe uliyepewa kuwa mkewe," Nasambu alisema, "mkane."

"Wewe si Cornelius!" Musimbi alipaza sauti. "Jina hilo si lako. Sikukulilia, sikunyolewa kwa ajili yako, na mlango wangu hutaupita!"

Jani lilinyauka machoni pao.

"Sasa lirudishwe lilikokatwa, na watu wawili," mganga aliagiza. "Njiani mmoja amwite mwenzake jina, asije akasahau kuwa yeye ni nani."

Wanaume walitazama ardhi. Isaiah alijitwika gogo, akageuka. "Mama Shantel, nisindikize. Tafadhali."

"Ulikwenda peke yako kuukata. Nenda peke yako kuurudisha."

"Mwanangu, hasira si sheria," Nasambu alimwonya. Musimbi alikaa kwenye ngazi ya mlango wake, asiinuke.

Jua lilipoelekea kuchwa Isaiah alirudi mikono mitupu. Pascalia, mkewe, alimwita kutoka upande wa pili wa uwanja: "Baba Mitchel! Chai inapoa!" Hakugeuka. Alimwita tena, akicheka: "Ama kilima kimekuziba masikio?" Isaiah alipita kando ya kaburi lililo wazi, akaja hadi kwenye ngazi, akachuchumaa mbele ya Musimbi, akamtazama kwa utulivu ambao Isaiah hakuwahi kuwa nao.

"Ulinikana mbele ya watu," alisema kwa sauti ya chini. "Haya, wakili. Mwili huu ni wa Isaiah, jina ni la Isaiah, na mke wake yule pale ndiye shahidi. Nikane tena."