Lori Lililopumua

Haya yalimkuta rafiki yangu Léocadie, fundi wa dizeli pale Uvira. Madereva walimkataza kugusa lori lililotoka Makobola, lililoongezewa turbo.

“Ile gari iko na muntu ndani.”

“Iko na joint ya culasse yenye kuungua,” akawajibu, yaani gasketi ya kichwa cha injini.

Dalili zote zilikuwepo: moshi mweupe, oili kama maziwa, mapovu kwenye rejeta. Alasiri, mvua ikiwa imetia gereji giza, akamwaga maji yote, akang'oa kichwa cha injini aione hiyo joint.

Ndipo rejeta tupu ikaanza: blu, blu, kisha ikavuta pumzi ndefu.

“Kama uko muntu, ungoje. Minye sitoki hapa!”

Léocadie akakikaza kifuniko cha rejeta kwa mikono miwili. Chini ya viganja vyake, polepole, kifuniko kikazunguka chenyewe, kikifunguka.